Orodha ya Marehemu na Dirisha Jeusi

Anayepita nyuma ya nyumba yetu hapa Zinga saa za mchana humsikia mwanamume anayeongea kwa pua, mbio mbio, hapumui wala hamezi mate, na mengi ayasemayo hayana kichwa wala miguu: "Nukta, mkato, nafasi, mstari wa kumi na mbili." Jirani mmoja aliyehamia karibuni alimwita mke wangu pembeni akamwuliza kwa adabu zote kama nyumbani kwetu kuna mgonjwa wa akili. Mke wangu akamjibu, "Tunaye, lakini siye huyo anayeongea."

Anayeongea ni kompyuta yangu. Mimi sioni. Presha ya macho iliniondolea nuru kidogo kidogo nikiwa na miaka ishirini na ushei, jicho la kushoto likaanza, la kulia likafuata. Na kwa kuwa mimi ni mbishi tangu tumboni, nilikataa kushika fimbo miaka miwili mizima, mpaka siku nilipotumbukia kwenye shimo jipya la choo la jirani. Namshukuru Mungu lilikuwa bado halijaanza kazi. Baada ya shimo nikakubali fimbo, na baada ya fimbo nikakubali kompyuta yenye programu ya kusoma skrini. Kilichoandikwa mbele yake inakitamka, na kila herufi ninayobonyeza inanirudishia kwa sauti. Ndiyo kazi yangu ya kula: watu wa Dar hunitumia mikutano na mahojiano waliyorekodi, sikio moja nawasikiliza wao, sikio la pili naisikiliza programu, na jioni nawarudishia maneno yao kwa maandishi, yamenyooka kuliko walivyoyasema.

Mimi programu hiyo naiita Msomaji. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye tunaishi naye, huiita "bwana wako". Asubuhi akipita dirishani kwangu na ndoo yake husema, "Leo bwana wako kaamka na maneno."

Sasa Msomaji ana adui, nami adui yake ni adui yangu. Ni zile programu za picha, zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye macho na kipanya mkononi. Mwenye macho anaona kialama cha bahasha anajua hapa ni barua. Lakini aliyetengeneza asipokumbuka kukiandikia jina kile kialama, Msomaji hukuta kitu asichokijua, na yeye ni mkweli, hasemi asilolijua. Husema tu, "Kitufe." Ukisogea mbele, "Kitufe." Ukisogea tena, "Kitufe." Fikiria umeingia dukani ukauliza kuna nini, muuzaji akakujibu, "Kitu. Kitu. Kitu. Na kule juu, kitu."

Nilikuwa na programu moja ya namna hiyo niliyoikariri kama mtoto wa chuoni anavyokariri juzuu: kitufe cha tatu ni kuhifadhi, cha nne ni kutuma, cha saba usikiguse. Siku moja ikajibadilisha yenyewe bila hodi. Nikamtumia mteja wangu ukurasa mtupu mara tatu, na kila mara nilimwandikia kwa kujiamini, "Kazi yako hiyo hapo, kaka, nimeihakiki mwenyewe." Mara nyingine mtandao fulani ulinitaka nithibitishe kwamba mimi ni binadamu na si mashine, kwa kuchagua picha zenye pikipiki. Msomaji akanisomea: picha, picha, picha, picha. Nikabahatisha. Nikashindwa mara tano. Nilipomweleza mke wangu kwamba nimetangazwa kuwa mashine, akasema angewapigia simu awahakikishie, kwa sababu mashine haikoromi.

Kwa hiyo siku nilipofundishwa dirisha jeusi nilihisi nimefunguliwa mlango wa peponi. Dirisha jeusi ni pale kwenye kompyuta pasipo na picha hata moja. Hakuna kipanya wala vitufe. Unaandika amri kwa maneno, unabonyeza, kompyuta inatekeleza. Ni maandishi matupu, na maandishi ndiyo chakula cha Msomaji. Unaweza kuiambia ikuhesabie maneno ya mafaili mia kwa mstari mmoja, au ibadilishe neno moja kila lilipo, na mwenye macho bado anatafuta kipanya chake kimeangukia wapi.

Toba, nilivimba kichwa! Mgeni hakunywa maji kwangu kabla sijamwonyesha dirisha jeusi. Nilisema programu za picha ni za watu wavivu, zinakubembeleza kama mtoto anayeachishwa ziwa. Ukitaka kufuta kitu zinakuuliza, "Una uhakika?" Ukisema ndiyo, zinakuuliza tena. Dirisha jeusi halina maswali ya kipuuzi. Ukiliamuru linatenda, na likitenda vizuri halisemi kitu, linanyamaza. "Kunyamaza kwake ndiyo heshima yake," niliwaambia watu. Shangazi alinisikiliza siku moja mpaka mwisho, akauliza, "Na chai linapika?"

Sasa niseme habari ya orodha, maana ndiyo iliyonitia adabu.

Ukoo wetu, kila Shaabani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, hukutana nyumbani kwetu kwa kisomo cha kuwarehemu wazee. Inasomwa Qurani, kisha yanatajwa majina ya marehemu wetu, mmoja mmoja na jina la baba yake, na kila anayetajwa watu humwombea rehema. Kisha pilau. Majina hayo hayatajwi ovyo. Yako kwa mpangilio wa nyumba: wa nyumba ya babu mkubwa kwanza, halafu wa mdogo wake, hivyo hivyo kushuka, na kila nyumba ikiisha msomaji husita na watu wakasoma Fatiha. Baba alikuwa nayo kwenye daftari la jalada gumu, na baina ya nyumba na nyumba aliruka mstari mmoja ili akumbuke kusita. Hapa sitawataja. Wana mahali pao pa kutajwa.

Baba alipozeeka macho yake nayo yakaanza kuchoka, akanipa daftari mimi. Baba mdogo, mdogo wake wa mwisho anayekaa Kerege, alishangaa mbele ya watu wote. "Kaka, kweli? Msomaji wetu ndiye huyu asiyeona?" Baba akamjibu, "Kwani hao wanaosomwa wanamwona nani?" Watu wakacheka, nikapewa kazi. Lakini nilijua baba mdogo hakucheka, na nikaapa moyoni kwamba halitapotea hata jina moja mikononi mwangu.

Mke wangu alinisomea daftari, nami nikayaandika majina yote, mia moja na manne, kwenye faili moja la maandishi matupu, na mistari iliyorukwa nikairuka vile vile. Kisha nikalifunga daftari kwenye sanduku la bati, nikatoa na hotuba: karatasi huliwa na mchwa, faili haliliwi na mdudu yeyote. Siku ya kisomo nilikaa mkekani karibu na maalimu, kompyuta mapajani, waya wa hedifoni sikio moja. Msomaji akinong'ona jina, mimi nalitaja kwa sauti. Baba alikuwa kando yangu, na tulipomaliza alinipiga paja mara moja. Kwa mtu wa kimya kama yeye, hiyo ilikuwa hotuba.

Tangu hapo kila Ijumaa, baada ya sala na chakula, shangazi huja kukaa kwenye baraza chini ya dirisha langu na mbuzi yake ya nazi, akaniambia, "Nisomee watu wangu." Yeye hakusoma skuli. Namfungulia spika, nampunguza Msomaji mwendo mpaka anatembea kama bibi harusi, naye anawasoma wote, mmoja mmoja. Na kwa kuwa Msomaji kasomea Kiingereza kabla ya kujifunza lugha yetu, akikuta mstari mtupu husema, "Blanki." Ikifika nyumba ya pili au ya tatu, nasikia mbuzi ya nazi imenyamaza na shangazi anapumua pumzi ndefu za mtu aliyelala. Namwacha. Nilidhani anapenda kubembelezwa tu.

Katika nyumba ya tatu pana mstari mmoja usio na jina. Baba aliandika, "Mtoto wa dada yangu." Ni wa shangazi, wa pekee aliyepata kumzaa. Alikufa siku ya tano, na kwetu mtoto hupewa jina siku ya saba. Kaburi lake lilikuwa kando ya njia ya zamani, nayo njia ilipopanuliwa hakuna aliyeweza tena kuonyesha ni wapi. Kwa hiyo hapa duniani yumo mle tu, kwenye ule mstari.

Baba alifariki mwaka jana, Mfungo Mosi, sikukuu ya Idi haijaisha harufu. Kazi ya mwenye orodha ni kuongeza jina, na jina la kuongeza lilikuwa moja. Ni mstari mmoja, jambo la sekunde nne kwa mtu mwenye vidole kama vyangu. Sikuliongeza. Nililifungua lile faili mara sijui ngapi, nikashuka mpaka chini kabisa, Msomaji akasema, "Blanki," nikakaa pale vidole vikiwa juu ya kibodi, kisha nikakumbuka kwamba kuna kazi ya mteja. Siku nyingine nilikumbuka kiu. Mfungo Pili ikapita, Mfungo Tatu ikapita, nami ni mtu wa kesho asubuhi. Niliona nikimwandika mle ndiyo nitakuwa nimekubali. Huo ndio ukweli, na hauna uzuri wowote.

Shaabani ikaingia, kisomo kikapangwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi nikalifungua faili nikiwa nimejifunga kibwebwe kwamba leo ni leo. Badala ya kumwandika baba, nikaona kwanza nirekebishe nafasi mbili mbili. Nilipomaliza nafasi, nikaona mbona majina haya hayako kwa alfabeti? Nilikwisha kulizungumza na shangazi siku za nyuma. Aliuliza alfabeti ndiyo nini katika mambo ya watu, nikamweleza, akasimamisha mbuzi. "Yaani bibi mkubwa na mke mwenziwe, walionyimana mpaka maji ya kunywa, wewe ukawakalishe bega kwa bega kwa sababu ya herufi?" Nikamwambia huo ni utaratibu wa kisasa. Wallahi nilisema hivyo.

Basi nikaingia dirisha jeusi kwa mbwembwe. Amri ya kupanga majina kwa alfabeti ni neno moja tu, unalifuatisha jina la faili, kisha unaweka alama kama ncha ya mshale, na mbele ya mshale unaandika matokeo yaingie faili gani. Nikaandika yaingie faili lile lile. Nikabonyeza. Dirisha jeusi likanyamaza.

Nikajipongeza. Nikaoga, nikavaa kanzu, nikaenda msikitini nikiwa nimejaa utulivu wa mtu aliyefanya kazi yake.

Tulipokwisha kula, shangazi akaja barazani na mbuzi yake. "Haya, nisomee watu wangu." Nikafungua spika, nikaliita faili.

"Blanki," akasema Msomaji.

Nikashuka mstari. "Blanki." Nikapanda. "Blanki."

Nje ya dirisha shangazi akasema, "Mbona leo kaanza na blanki?"

"Kachoka, shangazi," nikasema. "Ana joto. Ngoja apoe."

Nilikwisha kuelewa. Ule mshale, kabla kompyuta haijaanza kupanga chochote, hulisafisha kwanza faili la kupokelea. Ni mtu aliyeambiwa auchague mchele ulio kwenye sinia aurudishe kwenye sinia hilo hilo, naye akaanza kwa kulimwaga sinia. Halafu akapanga kitu ambacho hakipo, akamaliza bila kosa, ndiyo maana alinyamaza. Programu yoyote ya picha, yoyote katika zile nilizozitukana, ingeniuliza kama nina uhakika. Na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, ningesema hapana.

Nikatafuta kila mahali. Nikaingia kwenye jalala la kompyuta, lakini dirisha jeusi halipitishi kitu jalalani. Nikashika fleshi niliyokuwa nimehifadhia nakala, nikakumbuka niliifuta mwenyewe mwezi uliopita ili niweke mkutano wa mteja, tena mkutano wenyewe ulikuwa wa kubishania viti. Nikamwita mke wangu tufungue sanduku la bati. Akauchukua mkono wangu akauingiza ndani, nikashika udongo. Mchwa walikuwa wamelila daftari la baba mpaka jalada, na hotuba yangu wakaila.

Simu ikalia. Baba mdogo. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akasema kesho atatoka Kerege alfajiri ili awahi. "Mwaka huu nataka kukaa karibu nawe," akasema, na sauti yake haikuwa ya kunidhihaki, ilikuwa ya mtu mzima aliyefiwa. "Nataka nimsikie kaka yangu anavyotajwa."

"Inshallah, baba mdogo," nikasema.

Nikakaa sakafuni. Watu mia moja na wanne, baadhi yao hakuna aliye hai aliyewahi kuwaona, wamefika mpaka zama zetu kwa kuandikwa na kusomwa, na waliponifikia mimi, fundi wa dirisha jeusi, nikawafuta kwa mstari mmoja. Na mtoto wa shangazi yumo. Na baba hata sikumtia. Nililia, sioni haya kusema. Kisha nikatoka barazani, maana hapakuwa na pengine pa kwenda.

"Shangazi, nimewapoteza."

"Nani?"

"Wote."

Mbuzi ikaendelea kidogo, kwaru, kwaru, ikakoma. "Na wangu?"

"Na wako."

Nilitamani anitukane, maana shangazi akitukana mtu unajua mambo yatakwisha. "Watu wenyewe wamekwisha kufa," akasema mwishowe, "nawe ukawapoteza tena. Mtu kwenu anakufa mara ngapi?"

"Nisamehe, shangazi."

"Daftari?"

"Mchwa."

"Kile kidude ulichonitambia?"

"Nimekifuta mwenyewe."

"Ala! Umefanya kazi leo." Nikamsikia akiisukuma sahani ya nazi pembeni na kujipangusa mikono kwa kanga. "Kamlete bwana wako hapa. Mwambie leo yeye ndiye atakayesikiliza."

Nikaileta kompyuta, nikakaa chini kando ya miguu yake. Akakohoa. Kisha shangazi yangu, mwanamke asiyejua herufi hata moja, akaanza na babu mkubwa. Jina, na jina la baba yake. Jina, na jina la baba yake. Hakuwataja kwa sauti yake. Aliwataja kwa sauti ya Msomaji, kwa pua, bila kupanda wala kushuka, na nyumba ya kwanza ilipokwisha akasema, "Blanki," kisha akasita kiasi kile kile anachosita Msomaji.

Nikaacha kuandika. "Shangazi! Si ulikuwa unalala?"

"Nani alale? Nilikuwa nafumba macho. Wewe kwani unasikiliza umefumbua? Andika, wasije wakanikimbia."

Nikaandika. Hakuruka mtu. Katika nyumba ya pili akasema jina, kisha, "mkato, mkato," akaniambia hapo mimi niliweka alama mbili kwa uzembe, na yeye alinyamaza muda wote huo akidhani nina sababu. Mke wangu alikuja kusimama mlangoni, nikamsikia anacheka na kupenga makamasi kwa pamoja. Bibi mkubwa akapita, na mke mwenziwe akapita mbali naye, kila mmoja na watu wake, kama walivyotaka.

Alipofika nyumba ya tatu akapunguza mwendo. Sauti ya pua ikamtoka, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Mtoto wa dada yangu." Akangoja mpaka asikie herufi ya mwisho imetamkwa na Msomaji. Kisha akarudi puani akaendelea.

Tulimaliza jua likiwa limehamia upande wa pili wa baraza. "Blanki," akasema. Nikahesabu mistari, ukiacha ile mitupu, kwa ile amri yangu ya kuhesabu, mara hii nikaisoma mara nne kabla ya kubonyeza. Mia moja na wanne.

"Mungu akupe umri, shangazi. Wamekwisha wote."

"Wamekwisha wa daftarini. Mwandike na yeye."

Nikajitia hamnazo. "Yeye nani?"

"Usinichezee mimi."

"Nitamwandika kesho asubuhi, shangazi. Sasa hivi nimechoka."

"Tangu Mfungo Mosi unamwandika kesho asubuhi. Unadhani sijui? Kila Ijumaa nakaa hapa, nangoja bwana wako afike mwisho amtaje kaka yangu, na kila Ijumaa ananiishia na blanki. Naondoka, nasema labda Ijumaa ijayo." Akanishika bega, mkono wake una mafuta ya nazi. "Mimi wangu hata jina hakulipata, na nimemtaja. Wako ana jina, jina zuri, jina la mtu aliyelima na kuwazika wenziwe. Unamficha nini?"

Nikaruka mstari, nikaanza kuandika. Msomaji hajui kufiwa, akanirudishia herufi moja baada ya nyingine kwa ile sauti yake kavu, na mimi nilibonyeza polepole kama mtu anayejifunza kuandika. Nilipomaliza, akalisoma lote kwa pamoja, jina la baba na jina la babu. Shangazi akasema, "Mungu amrehemu." Nami nikasema. Tukakaa, na nazi ikakauka sahanini.

Jioni ile nililihifadhi faili kwenye fleshi mbili, nikajitumia kwa barua pepe, nikamtumia mke wangu kwenye simu, na mke wangu kwa usalama zaidi akaandika yote kwa kalamu kwenye daftari jipya akalitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Alfabeti sikuitaja tena.

Jumamosi watu wakajaa. Baba mdogo akakaa bega kwa bega nami kama alivyoahidi, mahali pale pale alipokaa baba. Baada ya Qurani maalimu akaniashiria kwa kunigusa goti, nikachomeka hedifoni, nikaanza. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Nikataja nyumba ya kwanza, nikasita, watu wakasoma Fatiha. Nikataja ya pili. Nikamtaja mtoto wa dada, kisha nikaendelea mpaka chini kabisa, mstari wa mwisho, na Msomaji akaninong'oneza jina la baba.

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikabonyeza arudie, akarudia. Wapi. Nikasikia watu wanasogea mikekani, mtu akakohoa, baba mdogo akavuta pumzi pembeni yangu akaishikilia, naye alikuja alfajiri kwa ajili ya jambo hili moja.

Nikaung'oa waya wa hedifoni, nikabonyeza tena. Msomaji akamtaja baba kwa sauti ya spika, kwa pua, kiwanja kizima kikasikia, jina na jina la baba yake, hakukosea. "Mungu amrehemu," wakaitikia wote, na baba mdogo akaitikia kwa kilio. Kidole changu kikashuka mstari mmoja zaidi.

"Blanki," akasema Msomaji.

Watu wakabaki kimya, hawajui waitikie nini. Ndipo shangazi akapaza sauti kutoka upande wa wanawake, kwa ukali, kama mtu anayewafundisha watoto.

"Mnangoja nini? Amesema someni Fatiha."